Mwezi Mstari Uliporuka

Jirani zangu wananiita Bwana Digrii, na sijawahi kuwanunia, maana kwa miaka thelathini na moja kazi yangu imekuwa kusoma vipimajoto vya kituo cha hali ya hewa na kuandika daftarini. Saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri, mvua inyeshe au homa inishike. Tangu mke wangu afariki, miaka minne sasa, kuna siku tarakimu hizo ndizo maneno pekee yanayonitoka kinywani. Nasoma kwa sauti, naandika, nafunga daftari, na maongezi ya siku yameisha.

Kwa hiyo mtakwimu kutoka makao makuu alipobisha hodi, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Alikuwa binti mwembamba mwenye adabu zake. Baada ya shikamoo na glasi ya maji, akafungua kompyuta juu ya meza yangu ya kulia.

"Mzee, nalinganisha kasi ya joto la kanda yetu na la dunia nzima. Dunia inapanda nukta mbili ya digrii kila miaka kumi. Kanda hii inapanda nukta tatu. Sasa kituo chako..." Akanionyesha mstari mwekundu. "Miaka ishirini na saba hakipandi kabisa, halafu kinaruka karibu digrii nzima kwa mkupuo. Kilihamishwa?"

"Hakijahamishwa."

"Vipimajoto vilibadilishwa?"

"Ni vilevile."

"Basi nisipopata sababu, itabidi nikitoe kwenye hesabu. Miaka yote."

Yote! Hatukujaliwa mtoto, wala sikujenga nyumba; hii ninayokaa ni ya kituo. Kama kuna kitu nimefanya duniani, ni madaftari yale. Nikaona uchungu, na hasira juu yake, ingawa binti wa watu hakuwa na kosa.

Sababu niliijua. Kanuni zinakataza kumwagilia maji karibu na vipimajoto, kwa kuwa ardhi yenye maji hupoza hewa. Mke wangu alikuwa na bustani ya nyanya hatua nne tu kutoka pale, nyuma ya ua. Wakaguzi walipokuja niliwapiga chenga, nikawaambia nyanya zile zinakunywa umande. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka ishirini na saba.

"Mke wangu alikuwa anamwagilia bustani pale," nikasema.

Nilitegemea anifokee. Badala yake uso ukamchangamka, akashika kalamu. "Ukinipa maelezo kamili naweza kusahihisha, kituo kikabaki. Ndoo ngapi kwa siku?"

"Alianza na mbili. Kila mwaka alikuwa anaongeza tuta, mwisho zikafika kumi na mbili. Akinikasirikia, kumi na tano."

Akacheka. "Ndiyo maana mstari haukupanda. Saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Nilimwambia mimea haipendi. Akanijibu nikasome vipimajoto vyangu, nimwachie nyanya zake."

"Miezi ipi?"

"Mvua zikikata, mwezi wa sita, mpaka zirudi."

Tangu mazishi hakuna aliyeniuliza habari zake. Watu husema pole, kisha hubadilisha mazungumzo. Asiyekuwapo na lake halipo. Leo mtu alitaka kujua alianzia tuta gani na ndoo aliibeba mkono upi. Nikamwongezea na asiyoyauliza: alivyoimba vibaya, alivyogombana na kuku wa jirani. Binti aliacha kuandika, lakini aliendelea kusikiliza.

"Kuna siku alikosa?"

"Mwaka aliokwenda kumzika mama yake. Siku kumi na moja, mwezi wa nane."

Akatafuta. "Hizi hapa, mzee. Joto limepanda siku kumi na moja, kisha likashuka."

Tukaziangalia. Nilitamani asiufunge ukurasa ule.

"Na aliacha lini kabisa?"

"Alipofariki. Mwezi wa kumi na moja. Ulikuwa ugonjwa wa ghafla, wiki mbili tu."

Akakunja uso. "Lakini mruko unaanza mwezi wa sita."

"Haiwezekani."

Nikatoa daftari la mwaka ule kabatini, nimwonyeshe. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa: alasiri zote zilikuwa za moto, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Ndipo nikakumbuka. Mvua zilipokata mwaka ule aliniambia, "Safari hii naipumzisha ardhi." Nami nikamsifu kwa busara yake. Kila alasiri nikapita kando ya matuta makavu, nikainama kutafuta nukta moja ya digrii, nisione kwamba mke wangu hawezi tena kuinua ndoo. Miezi mitano. Na watu wote nimewaambia ilikuwa ghafla.

"Mzee?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nikikosea mwezi, masahihisho yote yataharibika. Niandike wa kumi na moja?"

Ningeweza kuitikia. Nani angejua?

"Andika wa sita," nikasema. "Alikuwa anaumwa tangu mwezi wa sita. Ni mimi ambaye sikuona."

Akaandika.