Vumbi la Fanueli

Siku Fanueli alipoachiwa huru, alikunywa maji mbele ya baraza zima. Alimimina kwenye bakuli la maji kiganja cha ile dawa yake ya kijani ya kuulia wadudu wa kahawa, nayo ikaelea juu ya maji, kavu kama ilivyotoka kwenye mkebe. Akaipuliza pembeni, akapiga mafunda mawili, akajifuta mdomo.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Vumbi hili na maji havipatani. Lingemuuaje mtoto wa watu?"

Zebedayo, jumbe aliyevishwa kofia na serikali ya Mwingereza, akatazamana na wazee wake. Kesi ikaisha.

Raheli alikuwa amekaa chini, mikono mapajani. Binti yake Eliaichi alikuwa amekunywa maji ya mfereji unaopita kwanza shambani kwa Fanueli ndipo ushuke kwao. Alitapika tangu adhuhuri, akakata roho kwenye machela, njiani kwenda hospitali ya Gonja. Gauni lake la kipaimara lilikuwa limeshashonwa, alizikwa nalo.

Raheli hakulia barazani. Lakini kila Jumapili alikaa kanisani nyuma ya Fanueli, akiitazama shingo yake. Wenzake wakiimba, yeye aliomba maombi ambayo mchungaji angeyasikia angemtoa nje.

Kiangazi kilipokolea, alikuwa akifua mferejini huku Fanueli, kule juu, akiirusha dawa kavu kwenye mibuni. Upepo ukaipeperusha, ikatua majini, ikaja ikielea bila kulowa. Ilipogusa povu la sabuni ya Raheli, ikabadilika rangi, ikazama. Maji yakapita meupe, kana kwamba hayakubeba kitu.

Raheli akabaki ameshika nguo, povu likimkaukia mikononi.

Jioni alikutana njiani na Elirehema, mke mdogo wa Fanueli.

"Shikamoo, mama Eliaichi."

Jina lile lilimchoma, lakini aliitikia. "Marahaba, mwanangu. Naona umebeba mche mzima wa sabuni. Wote wa kufulia?"

"Tungekuwa tunang'aa basi," Elirehema akacheka. "Ni wa dawa. Mzee akitaka kuikoroga kwenye ndoo anyunyizie majani, bila sabuni haikubali maji."

"Na ndoo anaisuuza wapi?"

Elirehema akautazama mche mikononi mwake. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Sijui, mama," alisema, akaondoka upesi.

Raheli hakumwambia mtu. Alisubiri siku ya kuzoa matope kwenye ndiva, bwawa la kijiji linalolisha mifereji yote, kwa kuwa siku hiyo kila nyumba hutoa mtu na jembe. Watu walipopumzika, alisimama na kibuyu cha maji, chenye mdomo mpana.

"Mzee Fanueli, wengine hawakuwapo barazani. Waonyeshe."

Fanueli hakuwa mtu wa kukataa kutazamwa. Akatuma mkebe uletwe, akamimina, vumbi likaelea. Alipovuta pumzi apulize, Raheli alimtia mkononi kipande cha sabuni.

"Koroga na hii. Kama unavyokoroga shambani."

Mkono wa Fanueli haukusogea. Raheli akaitumbukiza sabuni, akakoroga mwenyewe kwa kijiti, taratibu, na watu wakasogea kuangalia lile vumbi likizama lote.

"Sasa kunywa."

Fanueli alikitazama kibuyu, akawatazama watu. Kiburi kikampandisha, akakiinua hadi midomoni. Raheli hakunyoosha mkono kumzuia. Alitaka anywe, anywe mpaka tone la mwisho, na alijua kwamba asingelijutia hilo maisha yake yote.

"Usinywe, baba," Elirehema alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilikuona ukiosha ndoo mferejini."

Kibuyu kikashuka.

Zebedayo aliona haya kuipeleka kwa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, kesi aliyokwisha kuifuta. Ila wazee walikata lao pale pale: zamu ya maji ya Fanueli ifungwe, na mlinzi wa mlango wa maji wa shamba lake awe Raheli. Kiangazi kile chote Raheli alikanyagia matope kwenye mlango ule kwa nyayo zake. Mibuni ikanyauka, ikapukutika. Fanueli alikuja siku moja kumsihi afungue. Raheli aliendelea kukanyaga mpaka akaondoka.

Mwishowe Fanueli akahamia bondeni, upande wa Same, akawa kibarua wa mkonge. Elirehema alirudi kwao Usangi.

Siku za mwisho wa kiangazi, Raheli alisimama ukingoni akitazama vumbi la bondeni likiinuka, jekundu. Wazee husema bila vumbi kutangulia juu, wingu halipati pa kushika. Yeye aliwaza tu kwamba Fanueli yumo humo, analila vumbi lile. Kisha mawingu yakajikusanya, yakapanda mlimani, mvua ikamwagika kwenye mahindi yake.

Mwaka wa pili Zebedayo alipanda kwake, kofia mkononi. "Mama, Fanueli ni mgonjwa wa kifua. Anaomba umsamehe."

Raheli alimkaribisha kigoda, akamletea uji, akangoja aumalize.

"Mwambie bado," alisema.