Sauti ya Namba Moja

Jumanne saa moja na nusu asubuhi, katika banda la mkaa nje ya mji wa Otjiwarongo, Nangura alichukua bonge la kwanza la siku akaligonga kwa jingine. Ndivyo wachambuaji wanavyofanya. Mkaa ulioiva hulia kama chuma. Usioiva hutoa mlio wa kuni, nao hutupwa pembeni ukachomwe tena. Bonge lile lilikuwa kubwa kuliko ngumi ya mwanamume, na lilipogongwa lilisema, "Jamani, bado nimo."

Meme Karupu, aliyechambua naye meza moja, hakuinua uso.

"Mumeo huyo," alisema.

"Nimesikia."

"Namba ngapi?"

"Moja."

"Basi mtie kwenye moja, dada, tusije tukasemwa."

Namba moja ni mabonge makubwa, nayo huenda ng'ambo kwa watu wenye majiko ya kauri. Namba mbili, ya kadiri ya yai, ni ya mahoteli. Namba tatu huuzwa mjini kwenye viroba. Kinachopita kwenye chekeche ni vumbi, na vumbi halina namba.

Sikerete, mume wa Nangura, alikuwa mchomaji kwenye matanuri ya shamba lenye banda hilo. Alikuwa hajaonekana kwa wiki tatu. Kudumo, nyapara wa banda, ambaye mama yake na mama Sikerete ni ndugu wa tumbo moja, alisema amehamia mji wa Tsumeb kwa mwanamke mwenye jino la dhahabu. Meme Mbava, mama yake Sikerete, alipata habari hizo kijijini kwake kando ya mto Kavango, akaziamini palepale. Alituma ujumbe kwamba mwanawe amekimbizwa na ulimi wa mkewe. Nangura alipomjibu kwamba anahisi Sikerete amekufa, na kwamba awekewe matanga, mama mkwe alisema haweki matanga ya mtu anayekula nyama Tsumeb. Hilo ndilo lililomnyima Nangura usingizi. Mtu aliyekufa bila kuliliwa, kwao, ni kama mbwa aliyegongwa barabarani, na Sikerete hakuwa mbwa.

Kufikia saa nne habari nzima ilikuwa mezani. Ule ulikuwa mkaa wa tanuri la nne. Namba moja zilisema sentensi nzima, namba mbili zilikatia katikati, namba tatu zilisema neno mojamoja, kwa mfano "maji" au "mkono". Wanawake waliunganisha huku wakichambua, ikatoka hivi. Lori lilikuwa linasubiri na tanuri halijapoa. Sikerete aliambiwa aingie aanze kutoa. Hewa ikaingia, moto ukaamka, na mzigo wote ulikuwa unakwenda kuwa majivu, basi Kudumo akafunga mlango na kuuziba kwa udongo. Mzigo ukaokoka. Ukweli usemwe: mkaa ulitoka mzuri sana.

Kudumo alikuja kuangalia kwa nini meza ya Nangura imechelewa. Alichukua bonge, akaligonga, nalo likasema, "Kudumo, usifunge, nimo ndani." Aliligonga mara ya pili, sikio likiwa karibu.

"Kavu hili," alisema. "Safi kabisa."

"Shemeji," Nangura alisema, "uliniambia yuko Tsumeb."

"Nilisema labda."

"Ukasema mwanamke ana jino la dhahabu."

"Wanawake wa Tsumeb wana meno ya kila aina, shemeji. Nilikuwa nakufariji."

"Nipe hilo bonge nimpelekee mama yake. Moja tu. Akilisikia ataweka matanga."

Kudumo alilipima kwa kiganja. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu wa utaratibu, na watu wa utaratibu ndio wabaya kuliko wote. "Namba moja ni ya mteja," alisema. "Ningekupa, ningempa kila mtu. Mfanyakazi huchukua vumbi Ijumaa, mfuko mmoja. Hilo nalo hatukuzuii."

Akatenga mabonge yote yaliyosema sentensi nzima. Yalikuwa kumi na moja. Alhamisi alikuwa anakuja mnunuzi kutoka ng'ambo, na Kudumo alitaka aonyeshwe mkaa wenye sauti nzuri.

Mwenye shamba, Meneer Lourens, alipita mchana akayasikiliza naye, akiwa amevua kofia.

"Hii lugha ni Kirukwangali?" aliuliza.

"Ndiyo, meneer."

"Kinapunguza joto?"

"Hapana, meneer. Tumejaribu namba mbili, inawaka vilevile."

"Basi sawa," Meneer alisema, akavaa kofia.

Alhamisi walimwita Nangura uani. Jiko la kauri lilikuwa limesimama juu ya kigari, nene, lenye umbo la yai na mfuniko mzito. Kulipanga si kazi ya kila mtu. Mabonge makubwa hukaa chini ili hewa ipite, ya kadiri hufuata, madogo huziba mapengo bila kubana. Ukiweka madogo chini, moto hukosa pumzi na nyama hunuka moshi. Nangura ndiye aliyejua kuliko wote kuchagua kwa mkono, na Kudumo alimwachia ndoo yenye mabonge kumi na moja akaenda kuosha uso.

Karupu alikuwa amekuja kumshikia ndoo. "Kudumo hayupo," alinong'ona. "Chukua lile linalomtaja jina, tia kwenye kanga, jifanye una mimba. Nani atakupapasa?"

Nangura alilitoa bonge hilo akaliweka mapajani. Lilikuwa zito. Lingefika Kavango kwa siku moja, na mama mkwe angeamini, kwa kuwa mama anaijua sauti ya mwanawe hata ikitoka kwenye jiwe.

"Huyu mgeni akisikia yote, toka mwanzo hadi mwisho," Nangura alisema, "atauliza. Mtu hawezi kusikia hivi asiulize. Na akiuliza yeye, Meneer atajibu. Watachimbua majivu ya tanuri la nne, watatafuta mifupa. Nitampelekea mama mifupa, si bonge."

"Lugha yetu haijui."

"Sauti ya mtu anayeungua inahitaji kujua lugha?"

"Nangura, chukua bonge tuondoke."

"Nikilitoa hili hadithi haina kichwa. Hatajua nani alifunga."

Akayapanga. Hakupanga kwa ukubwa tu. Alipanga kwa mfuatano, ili moto ukipanda uanze na "Lori gani lisiloweza kusubiri" na uishie kwenye "Mwambieni mama". Bonge lenye jina la Kudumo aliliweka katikati kabisa, mahali panaposhika moto vizuri. Halikuwahi kupangwa jiko zuri kama lile katika uwanja ule.

Saa sita mgeni aliketi, nyama ikawekwa, na mkaa ukaanza kusema. Ulisema mfululizo, kila bonge kwa zamu yake, kwa sauti ya Sikerete iliyokuwa ikipanda. Mgeni aliweka chini uma. Nangura alisimama hatua nne kutoka kwake. Kweli, mgeni aliuliza.

"Anasema nini?"

Meneer alimtazama Kudumo. Kudumo alifikiri kidogo. Hakupenda kusema uongo mbele ya wageni.

"Anasema mlango umefungwa vizuri," alisema.

Mgeni aliangalia mfuniko wa jiko, akautikisa kwa kidole, akakubali kwamba kweli umefungwa vizuri. Akausukuma hadi ukabana zaidi. Kauri ni nene. Kuanzia hapo hakukusikika neno. Nyama ilitoka laini. Mgeni aliagiza makontena mawili na akaomba, kama haitakuwa usumbufu, yawe ya mkaa kama ule ule. Kudumo alisema watajitahidi. Alipopita karibu na wachomaji waliokuwa wakila kivulini alipunguza mwendo, akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayechagua.

Ndani ya jiko yalibaki majivu. Nangura aliyagonga kwa kijiko, hayakusema kitu.

Ijumaa alipewa mfuko wake. Alizoa vumbi lililokuwa chini ya chekeche, la tanuri la nne peke yake, hata kokoto zilizokuwamo hakuziacha. Vumbi halikuwa na maneno, lakini ukiweka sikio kwenye mfuko ulisikia pumzi: ikiingia, ikitoka, yenye mkwaruzo. Alilia nayo ndani ya basi njia nzima hadi Kavango, mfuko ukiwa mapajani, na abiria wenzake wakamsogezea nafasi.

Meme Mbava alikuwa akitwanga uwele. Alimwacha mkwewe asimame juani hadi alipomaliza kinu, ndipo akamwambia aketi.

"Umekuja na nini?"

"Mwanao, meme. Ndiyo hii iliyobaki. Walimfungia tanurini. Kudumo mwenyewe, mtoto wa dada yako."

Mama alifuta mikono, akafungua mfuko, akainama. Alisikiliza kwa muda mrefu. Uso wake ulilegea, kisha ukaanza kung'aa kwa namna ambayo Nangura hakuwahi kuiona kwa mwanamke yule.

"Ni yeye," alisema. "Hivi ndivyo alivyokuwa akilala tangu mtoto."

"Ndiye, meme. Basi tuweke matanga."

Mama alimtazama mkwewe kwa chuki tupu.

"Anapumua, wewe," alisema. "Unataka nimlilie mtu anayepumua?"

Akaubeba mfuko kwa mikono miwili akauingiza ndani, akaulaza kitandani, akaufunika shuka hadi juu. Alipotoka alishika tena mchi na kumwambia Nangura, bila kugeuka, apunguze sauti ya kilio chake kwa sababu kuna mtu amelala.