Mkia wa Neno la Tunu

Mwaka wa hamsini na mbili nilikuwa mfagiaji wodi katika hospitali ya serikali, lakini mtaani kwetu Temeke waliniita daktari. Sababu ni mikia ya maneno. Gaudens, karani wa wodi aliyesoma seminari huko kusini, alinifundisha kuwa majina ya Kizungu ya maradhi yana mikia, na mikia hiyo wala si ya Waingereza, wameiazima kwa Wayunani. Ukiona "itis" mwishoni, kiungo kimevimba kwa ndani. "Oma" ni uvimbe unaoota. "Ectomy" ni kukata kitu na kukitoa nje ya mwili.

Watu wakaniletea kadi zao barazani, nami nikawasomea bila kupepesa macho. Huruma sikuwa nayo, nasema kweli. Nilipenda jinsi walivyonyamaza.

Jumatatu moja mke wangu Tunu, aliyekuwa akitokwa damu miezi mingi, alirudi kutoka kliniki, akanipa kadi yake. Neno lilikuwa refu, limeishia kwa "ectomy", na siku ya kwenda imeandikwa Alhamisi. Mwanzo wa neno pia niliujua, kwani niliuona kila wiki wodi ya wanawake. Ni kizazi. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, Hamisa, na Tunu alikwishachagua jina la mdogo wake atakayezaliwa.

"Wamesemaje, baba Hamisa?"

"Itis," nikasema. "Uvimbe tu. Utakunywa dawa."

Akaitikia, akaenda kuchambua mchele. Asipokwenda Alhamisi, ile damu inayomtoka ingemmaliza, na mwuaji ningekuwa mimi. Niliogopa kusema, nikaogopa kunyamaza.

Jumatano jioni nilimkuta anapanga khanga mbili na sabuni kwenye kikapu.

"Unakwenda wapi?"

"Kesho hospitali. Ukiwasomea watu, mie nilikuwaga nasikiliza nyuma ya pazia. Na herufi za Kizungu nimejifunza kwa Hamisa akitoka shule. Neno langu linaishia kama la mume wa Mauwa, yule aliyekatwa kidole tumbo." Akaniwekea kadi mapajani. "Kukatwa nimeshakubali. Mwanzo wake ndio siujui. Nisomee, kama unavyowasomea wenzangu."

Nikamwambia. Sauti ilinitoka ndogo, sikuitambua.

Hakulia. Aliniuliza kama nilijua tangu Jumatatu, nikasema ndiyo. Akachukua kikapu chake, akaenda kulala chumbani kwa Hamisa.