Wako Mtiifu

Lesian aliingia steshenari ya Mwanahalima pale mtaa wa Kwa Mrombo akiinama, maana mlango ulikuwa mfupi na yeye alikuwa mrefu. Alileta barua ya kuomba kazi ya ulinzi, aliyoiandika mwenyewe kwa peni: "Nimelinda ghala la kahawa miaka mingi. Hakikuibwa kitu. Ghala limefungwa. Nataka kazi."

"Baba Vaileth, hii ni barua au ugomvi?" Mwanahalima aliuliza. "Bosi haambiwi unataka. Anaombwa. Kwa unyenyekevu. Na mwisho tunaweka 'wako mtiifu'."

Akafuta habari za ghala, akachapa upya. Lesian akatia saini. Alipotoka hakuhitaji kuinama.

Barua haikujibiwa. Akarudi tena na tena. Mwanahalima aliongeza "mtumishi wako", kisha "nipo tayari kwa kazi yoyote", kisha "nipo chini ya miguu yako". Kila saini ilimpunguza kidogo. Mkewe, Tabea, aliyewalisha wote kwa ndizi alizouza sokoni, alikuwa akimkatia suruali.

"Ukiendelea hivi utavaa sare za Vaileth," alisema, uzi mdomoni.

Lesian alicheka, kisha akatazama ukuta.

Kilichomuuma ni jioni. Zamani Vaileth akitoka shule alikuwa akimwinamishia baba yake kichwa, kama watoto wa pale Elerai wanavyosalimia wakubwa, naye Lesian akimwekea mkono utosini. Sasa binti ilibidi apige magoti ili mkono umfikie. Siku moja, rafiki zake wakiwa mlangoni, alisema "Shikamoo, baba" akiwa wima, akapita. Mkono wa Lesian ulibaki hewani. Akaushusha polepole, akajifanya anafukuza nzi.

Hatimaye aliitwa kwenye hoteli moja njia ya Moshono. Sekretari alimpandisha kitini. Meneja, kijana aitwaye Calvin, alisoma barua hadi mwisho akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Wengine wanakuja hapa wametanua vifua," alisema. "Wewe mzee unajua kuandika."

"Nililinda ghala. Hakikuibwa kitu."

"Hilo sijaliona humu. Basi, haidhuru. Kesho uanze."

Lesian aliteremka kitini ili ashukuru. Alinyoosha mkono, lakini haukufika juu ya meza. Calvin akaizunguka meza, akasimama mbele yake. Lesian akainamisha kichwa, na mkono wa yule kijana ukatua utosini pake, wa moto, ukakaa.

"Shikamoo," Lesian alisema.

"Marahaba," Calvin akajibu, akarudi kwenye simu yake.

Stoo walimpa sare. Aliivaa palepale, akijua Tabea angeuliza kama ni ya kukatwa. Haikuhitaji kukatwa popote. Kabatini zilining'inia nyingine nyingi za kimo kilekile.