Madame Amesema Kuku

Wiki ile ya lugha, mwalimu Marcellin alitembeatembea mbele ya darasa la nne mpaka sakafu ya udongo ikashuka ikawa mfereji. Mvua ilipoingia, kambale walipanda humo kutoka mtoni, na wanawake wa kijiji chetu cha Wamaza wakaacha kwenda kuvua mbali. Asiyeamini aende akaulize. Ila aulize watu wa rika langu, na katika hao nimebaki mimi.

Hakutembea bure. Enzi hizo za Wabelgiji, wakubwa wa masomo waliagiza shule zote za upande wetu zifanye wiki nzima ya michezo ya lugha: mafumbo, hadithi, nyimbo, kukariri. Sikukuu nzuri, ungesema. Lakini agizo lilikuwa na mkia. Mkaguzi angepita siku asiyoitaja, na shule ambayo watoto wake hawawezi Kifaransa ingenyang'anywa darasa la nne. Darasa hilo tulikuwa tumelipigania; benchi tulichonga wenyewe, matofali wanawake waliyabeba kichwani. Likiondoka, mtoto anayetaka kuendelea itabidi aende Kabambare akalale kwa watu asiowajua. Wavulana wachache wangekwenda. Msichana hata mmoja asingekwenda.

Basi nani angekaa chini? Hangari ya pamba, lile ghala nilikofanya kazi, ilitazamana na shule, nikawa naona yote. Jumatatu walianza na mafumbo ya Kibangubangu, lugha yetu. Mtoto mmoja akatega fumbo lake zuri, wenzake wakakuna vichwa, mara motokari ikanguruma kwenye kilima. Wote wakasimama. Lilikuwa lori la wafanyabiashara, linapita kwenda Salamabila. Fumbo likabaki hewani, na mpaka leo sijasikia jibu lake.

Ikawa hivyo kila siku. Akina mama walivaa vitambaa vya sikukuu kabla jua halijatoka na kwenda navyo shambani, wasije wakakutwa vibaya. Bulaimu, kapita wetu, yaani mkubwa wa kijiji mbele ya serikali, alifagia njia asubuhi, akaifagia tena mchana, akawafukuza mbuzi waliokanyaga alipofagia.

"Kapita, utaimaliza hiyo barabara," nikamwambia.

"Wewe linda pamba yako. Mukaguzi akikuta majani, atasema hata Kifaransa chetu kimeota majani."

Kifaransa chenyewe kilikuwa shairi moja, lililotumwa shule zote. Lilihusu theluji. Mwalimu Marcellin hakuwahi kuiona theluji, wala mapadre waliomfundisha hawakumwonyesha, kwa hiyo aliwaambia watoto watetemeke wakilisema. Walitetemeka vizuri sana. Mama mmoja alipita, akaona watoto wote wanatetemeka kwa pamoja, akakimbia kutafuta dawa ya malaria.

"Tena," mwalimu akasema. "Kutoka mwanzo. Régina, mbona wewe hutetemeki?"

"Iko jua, mwalimu."

Régina alikuwa msichana peke yake katika darasa la nne, mjukuu wa bibi Léocadie. Alikuwa mtoto wa kubishana. Alibisha kwa Kibangubangu, alibisha kwa Kiswahili, na mwalimu alikuwa akimsihi asije akafungua kinywa mbele ya mkaguzi ila kwa theluji tu.

Mkaguzi akaja Jumamosi, wakati tumekwisha kukata tamaa na nusu ya watu wamevua vile vitambaa. Motokari ikasimama mbele ya shule. Watoto wakajipanga. Mkaguzi alikuwa Mzungu mrefu, mwenye uso wa mtu aliyesikia theluji mpaka ikamchosha. Kando yake alikaa mkewe. Huyo madame akatoa kichwa dirishani, akatabasamu, akapunga mkono.

"Coucou!" akasema. "Coucou!"

Watu wakamgeukia kapita.

Hapo inabidi ujue desturi. Mtu wa serikali akija kulala katika nyumba ya wageni ya kijiji, kapita humkusanyia kuku na mayai. Tangu babu zetu, Mzungu akishuka, neno lake la kwanza la Kiswahili ni hilo hilo, kuku.

"Mumesikia," kapita Bulaimu akasema. "Anataka kuku. Amesema mara mbili, ni kuku mbili."

"Anasema Kiswahili," mwalimu Marcellin akanong'ona, macho yamejaa machozi. Kifaransa chake alikipata kwa mapadre, na padre hakusalimii hivyo. "Amejifunza kwa ajili ya wiki yetu ya lugha."

"Basi mupeni haraka, asijifunze na mbuzi."

Kuku wawili wakaletwa, miguu imefungwa. Madame alishtuka, akafurahi, akashukuru. Kisha akaona watoto wadogo wa darasa la kwanza wamejificha nyuma ya mlango. Akawachungulia.

"Coucou!"

Bulaimu akafunga macho kidogo. "Mbili hazitoshi."

Wiki nzima miguu yetu ilikuwa inawasha, sasa ikapata kazi. Watu wakatawanyika. Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye kiti, anangoja Kifaransa. Watoto walioanza kutetemeka wakaona baba zao wanakimbia, nao wakakimbia. Theluji ikaishia mstari wa pili. Jogoo mmoja alipita juu ya ubao, akaruka dirisha, akatua huko mbali, mjini Kasongo. Walimchinja huko kabla habari hazijamfikia mwenyewe.

"Rudini!" mwalimu akaita. "Darasa! Watoto, darasa letu!"

Hakuna aliyesikia. Mkaguzi akatazama saa yake, akasimama. Nilimwona Marcellin akishika meza kwa mikono miwili, kama mtu anayeona nyumba yake inapelekwa na mto.

Ndipo kapita akarudi na kuku wa bibi Léocadie, mweupe, mnene, aliyetolewa juu ya mayai. Nyuma yake Régina, anapiga hatua za mtu anayekwenda kwenye kesi. Akampita kapita, akampita mwalimu aliyekuwa anamfanyia ishara za kimya, akasimama mbele ya madame.

"Non, Madame," akasema.

Na akaendelea kwa Kifaransa hicho hicho, kibovu huku na huku, lakini chake. Kuku huyu hapana. Huyu ana mayai chini yake. Madame akimchukua, watoto wake watakufa, na bibi atamdai nani? Madame amekwisha kuchukua kuku tisa. Madame na bwana wake ni watu wawili. Wanakula namna gani?

Madame akauliza kwa nini basi wanampa kuku. Régina akamjibu kuwa ameomba mwenyewe, mbele ya watu wote, na bado anaomba. Hapo mwalimu Marcellin akaelewa, akaeleza kwa sauti ya kufa: coucou yao ni salamu ya mchezo, na kuku yetu ni huyu mwenye manyoya. Madame akacheka mpaka akaketi juu ya ngazi.

Mkaguzi hakucheka. Alimwonyesha Régina kwa kidole.

"Tangu Kasongo," akamwambia Marcellin, "nimesikia theluji katika kila shule. Hakuna mtoto aliyegombana nasi kwa Kifaransa." Kisha akageukia watu, akasema kwa lugha yake, taratibu: "Vous gardez votre classe."

Maana yake, darasa lenu linabaki kwenu. Lakini neno hilo, gardez, kapita alilijua kwa njia nyingine. Hangari ya pamba ilikuwa na gardien, mlinzi, na mlinzi mwenyewe ni mimi.

"Amesema mulinde darasa," akatangaza. "Kila siku, kwa zamu."

Mwalimu Marcellin akafungua kinywa kusahihisha. Akayatazama matofali, akawatazama wanaume waliokwisha kuchukua mikuki na kusogea mbele. Akakifunga.

"Kapita ametafsiri vizuri," akasema.

Tukalinda. Zamu yangu ya kwanza ilikuwa Jumapili. Mchuuzi kutoka Nyangwe, aliyebeba samaki wakavu, akanikuta mlangoni na mkuki.

"Ndugu, unalinda nini?"

"Darasa la nne."

"Ndani iko nini?"

"Ubao na benchi."

"Basi nani ataiba?"

"Pita na samaki zako," nikamwambia. "Kama huna mutoto wa kusoma, huwezi kujua wezi walivyo."