Mafundi Wawili

Mama yangu ana valvu ya chuma moyoni, na kila siku anameza kidonge cha kuzuia damu isigande. Kwa hiyo pua ilipoanza kumvuja damu jikoni asubuhi, taulo likalowa, likaja la pili nalo likalowa, sikungoja ushauri wa mtu. Nilimkokota hospitali huku ananung'unika kwamba nampeleka mbele za watu na nguo za kupikia.

Kaka yangu akatukuta chumba cha dharura, na hata salamu haijaisha akaanza. "Atakuwa amesahau, akameza mara mbili. Si unajua umri huo."

"Umri huo ndio unaokupigia simu kukukumbusha kunyoa," nikamwambia. "Hebu nyamaza."

Daktari, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alirudi na majibu ya damu. Sikuupenda uso wake. Damu imekuwa nyepesi kupita kiasi, alisema. Akiigandisha kwa nguvu, valvu inaweza kuziba. Akiiacha ilivyo, inaweza kuvuja kichwani, na kichwani hakuna pa kubana kwa taulo.

"Vidonge mlivyokuja navyo nimevihesabu, hajazidisha," akaendelea. "Kuna kitu kimeongezeka, na nisipokijua nitakuwa natibu kwa kubahatisha." Akamwinamia. "Mama, kuna dawa nyingine unatumia? Hata ya mizizi?"

"Hapana, mwanangu."

Alijibu haraka mno. Mama amekuwa fundi cherehani maisha yake yote, mikono yake haijui kutulia, na akificha jambo ni lazima ishike kitu. Sasa ilikuwa imeng'ang'ania mkoba.

"Ila kichwa kinaniuma kidogo," akasema.

Daktari akaacha kuandika. Akamwambia muuguzi mgonjwa apelekwe kupigwa picha ya kichwa sasa hivi.

Nikaushika mkoba. Mama hakuuachia. Tukavutana pale mbele ya wagonjwa kama watoto wanaogombania mwanasesere, na sikuona haya hata chembe, nilikuwa naogopa. Ukanibaki mkononi. Ndani mlikuwa na chupa ya chai, na nilipoifungua ikatoka harufu ya udongo uliolowa. Kilichomo kilikuwa chekundu kilichokolea.

"Nini hiki?"

"Chai."

"Mama."

"Ya yule tabibu wa Kichina nyuma ya soko. Kifua kilikuwa kinanibana, na imenisaidia kweli. Haya, nigombeze."

Wakamsukuma na kitanda chake. Mkobani mlikuwa pia na mfuko wa karatasi wa hiyo mizizi, na juu yake namba ya simu. Nikapiga, nikaweka sauti juu, nikamwelekezea daktari, naye akauliza chai hiyo ina nini.

"Kuna mzizi mwekundu, tunauita danshen," tabibu akasema. "Ni wa moyo, unafungua mishipa." Daktari akamweleza mgonjwa ni nani na anameza nini. "Anameza dawa ya kuzuia damu kuganda? Lakini nilimuuliza. Alisema hatumii chochote cha hospitali. Ningejua nisingempa hata kijiko, unaizidishia nguvu dawa yenu."

"Nitumie picha ya kila ulichochanganya," daktari akamwambia.

"Natuma sasa hivi. Tafadhali unijulishe hali yake."

Hawakurushiana lawama. Daktari akasoma, akapunguza kipimo cha dawa ya kugandisha alichokuwa amekiandika, akaenda mwenyewe kumchoma sindano. Sisi tukabaki na viti.

Mama aliporudishwa pua ilikuwa ikidondosha kidogo tu, na daktari akatuambia picha ni safi, kichwani hakujavuja. Halafu hasira ikanipanda yote kwa pamoja.

"Umemdanganya huyu, ukamdanganya na yule. Ulitaka kufa kwa sababu ya nini?"

Mama alitazama mikono yake.

"Nimeshona miaka yote ile," akasema polepole. "Nikisikia mteja ana fundi mwingine, sikuwa nagombana naye. Nguo yake naisukuma chini kabisa ya rundo, ikae." Akavuta pumzi. "Nikaogopa wakijua nina wawili, na mimi nitawekwa chini ya rundo."

Kaka akageukia dirishani. Mimi nikamrudishia mkoba, mikono yake ipate cha kushika.