Kilichokuwa Ukutani

Ukuta ulimfokea Serafina akiwa ameinama kufagia chini ya kitanda cha mama mkwe wake. Ilikuwa sauti ya nyoka hasa, ndefu na yenye hasira, ikitoka ndani ya ufa uliopita juu kidogo ya mto wa kulalia. Harufu ikafuata, kama ya nyama iliyosahauliwa juani. Aliuacha ufagio palepale, akatoka mbio huku mwanawe Marselino akining'inia mgongoni.

Nyumba hiyo, kijijini Didia, ilijengwa kwa papara mwaka wa Operesheni, watu walipohamishiwa vijijini, na matofali mabichi yalipasuka kabla hayajazoea uzito wa paa. Mumewe, Telesphori, alikuwa Mwadui kwenye mgodi wa almasi. Nyumbani walibaki yeye, mtoto, na Mama Anisia, mjane wa maneno machache ambaye moshi wa jikoni ulikuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Mjane huyo alilala kando ya ufa ule kila siku bila kulalamika. Hilo ndilo lililomtisha Serafina zaidi. Mtu gani hulala na nyoka asiseme?

Aliyasema hayo kisimani kwa jirani yake Eufrasia, kama mtu anayetua mzigo. Kufika jioni, mzigo ule ulikuwa umebebwa na kijiji kizima.

Kesho yake asubuhi alikuja Bujiku, balozi wa nyumba kumi, akasimama naye nje ya uzio.

"Mama Marselino, mchana tutakuja na sururu. Tutabomoa ule ukuta tumwone huyo anayefugwa."

"Mimi sikusema anafugwa."

"Wewe ulisema bibi analala naye. Yaliyobaki watu wamejazia." Bujiku alishusha sauti. "Wakimkuta nyoka kweli, mimi peke yangu sitaweza kuwazuia. Nakuambia mapema."

Serafina alielewa. Mwaka uliopita, ng'ambo ya mto, kikongwe mmoja aliyeshukiwa uchawi alikatwa mapanga kwa kisa kidogo kuliko hicho. Aligeuka akamtazama Mama Anisia, ambaye alikuwa uani akipepeta mtama taratibu, pumba zikimtulia mabegani. Ghafla akamwona jinsi alivyokuwa: mwanamke mwembamba, mwenye shingo nyembamba. Maneno mepesi ya kisimani yalimrudia kinywani yakiwa machungu kama shubiri.

Alimlaza mtoto kivulini, akazunguka nyuma ya nyumba. Ufa ulitokeza hata upande huo, na mahali pamoja ulikuwa umepanuka ukawa tundu la kuingiza ngumi. Aliketi mbali kidogo, fimbo mkononi, akasubiri nyoka atoke ili yeye mwenyewe ammalize kabla watu hawajafika.

Nyoka hakutoka. Badala yake alitua ndege mwenye rangi ya kutu, mabawa yake yana michirizi myeusi na myeupe, mdomo mrefu uliopinda umebana buu nono. Alipogusa ukuta, kishungi chake kilifunguka kichwani kama upepeo. Akapenya tunduni, akatoka mdomo mtupu, akaruka zake.

Serafina aliiweka fimbo chini. Alikimbia ndani akachukua kioo cha kunyolea cha mumewe, akalinasa jua na kulielekeza tunduni. Mle ndani vinywa vilifunguka, vyekundu, vyenye kingo nyeupe. Makinda yalipoona mwanga yalijikunyata, yakafoka kama nyoka, na moja likageuza makalio na kurusha majimaji yaliyonuka vibaya. Serafina alijipangusa shavu, akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka.

Watu walipofika na sururu walimkuta ameegemea ukuta ule.

"Balozi, tazama kwanza," alisema, akampa kioo.

Bujiku alichungulia, akajikunja kwa ile harufu, akachungulia tena. Wakati huo ndege alikuwa amerudi, akawa anasubiri juu ya zizi, kishungi wazi. Kamili, fundi cherehani, Mwislamu pekee miongoni mwao, alimtambua.

"Hudihudi," alisema. "Huyu ndiye aliyempelekea Nabii Suleimani habari za malkia wa Sheba."

"Alinuka hivi mbele ya nabii?" aliuliza Bujiku.

"Hilo hatukusimuliwa."

Kicheko kilianzia kwa balozi, kikawapitia wote. Sururu zilishuka mabegani, na watu wakaanza kuondoka wakizungumzia mvua na pamba.

Uani, Serafina alipiga magoti mbele ya ungo. "Mama, mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Pua yangu iliisha na moshi, na sikio la upande ule halinipi kitu. Niliona vumbi likidondoka, nikajua panya." Mama Anisia aliendelea kupepeta. "Ya kisimani, hayo yalinifikia."

"Nisamehe, mama."

Mama Anisia aliutikisa ungo. Pumba zilipaa, zikashuka. Kisha kindege cheusi, chenye mkia mrefu kuliko mwili wake, kilitua kwenye uzio, kikajitikisa vumbi.

"Na yule, mama?" Serafina aliuliza kwa sauti ndogo. "Yule ni nani?"

Mama Anisia alikikazia macho yake mekundu kwa muda mrefu.

"Simjui," alisema mwishowe, akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja. "Kaa hapa tumtazame."